Msiba Usio na Mtani

Vijana mlioniaga juzi, mliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu nilikuwa na mfupa wa kuku mdomoni. Mliuliza hivi: hasa hasa, kazi yako kwenye kikundi ilikuwa nini? Maana mmeniona nikibandika mabango, nikipanga viti, nikisimama mlangoni, na siku moja, aliyecheza muuguzi alipougua, mkaniona nimevaa gauni lake. Sasa mdomo uko wazi, nijibu.

Kazi yangu ilikuwa kusikia. Kikundi kilipomaliza onyesho na kuondoka, mimi nilibaki nyuma siku moja au mbili, nikasikia watu wanasema nini juu ya walichokiona. Halafu nilitangulia mji unaofuata, nikasikia wanasema nini juu ya onyesho ambalo bado hawajaliona. Haya ya pili yalikuwa matamu zaidi, kwa sababu mtu asiyeona kitu ana maoni mengi kuliko aliyekiona.

Kazi ya namna hiyo haina shule, na ni bahati, kwani shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Treni ilikuwa inapita nyuma ya darasa letu pale Korogwe, na asubuhi moja niliamua kwenda kuona inaishia wapi. Inaishia Tanga. Mwalimu alikwisha kutuambia hivyo, lakini nilitaka kuona mwenyewe. Baada ya hapo nilikata mkonge, nikapakia kabichi Vugiri, nikachunga ng'ombe wa mzee mmoja wa Kimasai kwenye uwanda wa Handeni, hadi mwenye ng'ombe aliponiita kando na kuniambia kwa upole kwamba mifugo imechoka na maswali yangu.

Nilirudi Korogwe mikono mitupu, nikaingia ukumbini alasiri moja kutazama kikundi cha Mzee Hiza. Wakati ule onyesho lilikuwa na kila kitu: ngoma, sarakasi, mazingaombwe, vichekesho, na mwishoni igizo. Mzee Hiza ndiye aliyekuwa kiongozi na mtunzi wa maigizo yote. Onyesho lilipokwisha nilizunguka nyuma ya pazia nikamkuta anakunja mkeka.

"Shikamoo, Mzee. Yule mfalme, mbona alianza kulia kabla hajaletewa habari?"

"Marahaba. Nani amekutuma uniulize?"

"Hakuna. Ila hata wale wanne waliokaa mbele yangu wameuliza hivyo hivyo, sema wao wamekwenda zao nyumbani."

Mzee Hiza aliacha mkeka, akakalia ngoma. "Wamesema nini kingine?"

Nikamweleza yote, pamoja na lile la kwamba malkia anatembea kama mtu aliyeficha yai. Kesho yake niliambiwa nije. Kuanzia hapo jina langu likawa Masikio, na lile nililopewa na wazazi likabaki kwa ajili ya hospitali.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Sipora, mwigizaji mkubwa wa kikundi, mwanamke wa Kishambaa kutoka Vugiri, mpole wa maneno lakini mwenye jicho linalokuona hadi mfukoni. Siku yangu ya kwanza nilirudi nikamwambia kwamba watu wote wamesema onyesho lilikuwa zuri.

"Uliwauliza vipi?"

"Niliwauliza, mmeonaje?"

"Basi hukuwasikia wao, mwanangu. Ukimuuliza mtu wa huku ameonaje, adabu ndiyo inayojibu. Usiulize. Sema uongo kidogo, uache wakusahihishe. Mtu anaweza kunyamaza na maoni yake mwaka mzima, lakini kosa la mwenzake hawezi kulivumilia hata dakika."

Somo hilo nawaachia ninyi kama lilivyo. Nililijaribu Kwamndolwa, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mahali ambapo watu wanasubiri na mikono haina kazi. Tulikuwa tumeonyesha igizo la mjane anayenyang'anywa nyumba na mashemeji. Nilijisemea kwa sauti: "Nasikia jana yule mjane aliwachapa mashemeji zake kwa mwiko."

"Nani amekudanganya?" akasema mama mmoja mwenye debe la mahindi. "Hakumchapa mtu. Angetaka kuchapa ningempelekea mwiko wangu."

"Alikaa tu," akadakia mwingine. "Kama gunia. Mimi shemeji aje kushika kitanda changu, nikae?"

"Wewe hata kitanda huna, Mama Zubeda."

"Sina, na bado ningechapa."

Kufikia zamu yao ya kusagiwa nilikuwa na onyesho zima mkononi: nani alisikika vizuri, nani alimeza maneno, wapi watoto walianza kulia kwa njaa, na kwamba shemeji mdogo ana sura nzuri mno kuwa mwizi, atafutiwe kazi nyingine. Niliyatia yote kichwani. Sikuwahi kuandika. Mtu akiona kalamu, adabu inarudi.

Vyombo vyangu vilikuwa baiskeli, kipaza sauti cha betri ambacho kilifanya kila mtu asikike kama mgonjwa wa mafua, na sufuria ya gundi niliyoipika kwa unga wa muhogo ili kubandikia mabango. Gundi hiyo ni nzuri, ila ina adui. Kule Mazingara, mbuzi ndio waliokuwa wahakiki wangu wa kwanza. Nilibandika bango la mjane amesimama, nikaenda kutafuta maji ya kunywa, nikarudi nikakuta wamemla kuanzia miguuni hadi kiunoni. Uvumi ukaenea kwamba kinakuja kikundi chenye mwanamke asiye na miguu. Nilitaka kukanusha, lakini nilipoona idadi ya watu waliokuwa wanauliza siku ya onyesho, nikaona si vizuri kuwaingilia mbuzi katika kazi yao.

Sasa niseme jambo ambalo kwalo nimekaa kuandika.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yalijaa sabuni za harufu, mitumba ilimwagwa chini sokoni, na Korogwe likaja banda la video. Mtu mmoja alizungushia makuti uwanja wake, akaweka jenereta na televisheni, akaanza kuonyesha filamu za watu wanaorushiana mateke bila kuulizana sababu. Nilikwenda kutazama, maana ni kazi yangu, nami nakiri nilirudi tena kutazama ambapo haikuwa kazi yangu. Viti vyetu vilianza kubaki vitupu, na vya igizo ndivyo vilivyotangulia. Watu walikuja kwenye ngoma na mazingaombwe, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Asubuhi moja Mzee Hiza alitukusanya uani. Alisema tunakwenda mzunguko wa Handeni, Mazingara kwanza kisha Chanika. Kama igizo la mjane halitawaweka watu hadi mwisho huko nako, analifuta. Tutabaki na ngoma, sarakasi na mazingaombwe.

"Watu wanataka miguu inayoruka," alisema. "Sina ugomvi nao. Nina kikundi cha kulisha."

Hakuna aliyemtazama Mama Sipora, na hiyo ni namna moja ya kumtazama. Goti lake lilikuwa baya, hawezi ngoma. Na lile igizo lilikuwa lake kuliko la aliyeliandika. Mumewe alikuwa Mzigua, mfanyakazi wa shamba la mkonge. Alipofariki, ndugu zake waligawana vyombo, wakaezua hata bati la jikoni, na Mama Sipora akarudi kwao Vugiri na kikapu kimoja. Miaka baadaye alimsimulia Mzee Hiza, naye akaligeuza igizo. Niliwahi kumuuliza, kwa kuwa mimi huuliza, kama hachoki kunyang'anywa kila wiki.

"Nikilisema mbele za watu linakuwa jambo la watu wote," alinijibu. "Nikilinyamazia linarudi kuwa langu peke yangu."

Jioni ya siku ile ya uani alinikuta nafunga baiskeli juu ya lori la mahindi. "Masikio, kabichi za Vugiri hazina ugomvi na mimi, nikirudi nitalima. Lakini wakilikataa, nataka kujua wamekataa nini. Usiniletee adabu."

Mazingara tulionyesha alasiri uwanjani, jukwaa likiwa madawati ya shule yaliyofungwa kamba. Watu walikuwa wengi, baadhi wakitazama kwa makini miguu ya Mama Sipora. Ngoma zilipita vizuri. Igizo likaanza, nao wakatulia, tukaanza kupata matumaini. Likaja tendo la pili, marehemu anatolewa ndani ya jeneza, mjane nyuma yake. Hapo watu wakasimama. Hawakuzomea, hawakucheka. Walisimama kimya, wanawake wakafunga kanga vizuri, wazee wakavua kofia, wakaondoka wote kwa utaratibu kama watu wanaotoka ibadani. Mama Sipora alimaliza igizo mbele ya watoto wachache na mbuzi.

Kikundi kikaenda Chanika, mimi nikabaki.

Kwa kinyozi nilisema uongo wangu wa kwanza, sikupata kitu. "Lilikuwa zuri," alisema, akanisogeza kichwa. Mnadani nilimkuta mzee wa Kimasai ambaye hakuhitaji kuchokozwa: alisema shemeji anayetaja ng'ombe wengi vile hawezi kuvaa viatu vile, akamaliza. Kuhusu msiba hakutaka kusema, si wa kwao. Siku ya pili nikaenda kisimani. Alikuwepo bibi mmoja, Bi Mwanamvua, anasubiri ndoo yake ijae. Nikamsalimia, nikamsaidia kuvuta kamba, kisha nikajisemea kwamba nasikia watu waliondoka juzi kwa sababu maiti alipiga chafya.

"Hakupiga chafya," alisema papo hapo. "Maiti yule alikuwa mzuri. Nimeona maiti wa kweli wasiotulia kama yule."

"Basi labda walichoka, Bibi."

"Nani achoke? Tuliondoka kwa heshima. Msiba ule una kasoro."

"Kasoro gani?"

Aliniangalia kama mtu anayepima kama ndoo inavuja. "Wewe kabila gani?"

Nikamwambia.

"Basi unajua. Maiti ametolewa ndani, amevuka kizingiti, amefika njiani, hakuna mtani hata mmoja aliyemzuia. Hakuna aliyelala mlangoni, hakuna aliyemtukana, hakuna aliyebeba kiatu chake. Mtu anazikwa kimya kama paka. Huyo alifanya nini hata watani wake wakamsusa? Mtu mwema hazikwi hivyo. Tukasema, kumbe ndiyo sababu ndugu walivitaka vyombo tangu mwanzo, wanajua wanachojua. Na mwanamke naye huenda alishiriki. Sasa sisi tukae kwenye msiba wa mtu kama huyo tunatafuta nini?"

Nilimbebea ndoo hadi kwake. Nilihitaji muda wa kufikiri, na ndoo ilikuwa nzito vya kutosha.

Kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba Mazingara ni Uziguani, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Msibani, mtani si mgeni. Ana haki ya kufanya fujo: kumtukana marehemu, kuigiza mwendo wake, kuzuia jeneza lisitoke, kunyakua chombo chochote na kukatalia nacho hadi wenye msiba wamkomboe kwa kumpa chochote. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na msiba unapata afya. Hilo nililijua tangu utoto. Lakini nilikuwa nimetazama igizo letu mara nyingi nisizozijua idadi, nami sikuliona pengo, kwa sababu Korogwe mjini watazamaji wametoka kila upande na kila mmoja anadhani mila iliyokosekana ni ya mwenzake.

Nilipofika Chanika niliwakuta Mzee Hiza na Mama Sipora wamekaa kwenye ngazi za ukumbi wanachambua maharage ya kikundi. Nikatoa taarifa yangu nzima, pamoja na lile neno la kwamba mwanamke huenda alishiriki. Nililipunguza sauti, sikulipunguza maneno.

Mama Sipora aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Sikusahau mtani, Masikio. Hakuwepo. Mume wangu alifia Tanga hospitali, tukamzika haraka haraka kwa sababu ya joto. Watani wake walipopata habari, bati la jikoni lilikwisha kuezuliwa. Mzee Hiza ameandika kama nilivyomsimulia."

"Na ndivyo litakavyobaki," alisema Mzee Hiza. "Nimehangaika miaka mingi kuwafanya watu walie pale. Mniletee mtu wa kuwachekesha juu ya jeneza?"

"Kwetu tunacheka msibani, Mzee. Ndiyo maana tunapata nguvu ya kulia." Mama Sipora alitupa jiwe alilolikuta kwenye maharage. "Mimi ndiye niliyenyimwa mtani. Nikitaka kumpata leo, nani atanikataza?"

Mzee Hiza alifikiri, akasema tujaribu mara moja tu, kesho, na ikishindikana hatutalizungumza tena.

Tulimjaribu kwanza mchekeshaji wetu. Alifanya kila alichojua: alianguka, alijamba kwa mdomo, alivaa kofia kinyumenyume. Ilichekesha, na ilikuwa aibu. Mchekeshaji anaomba ucheke. Mtani haombi, anadai. Nikaambiwa nikamtafute wa kweli.

Sokoni Chanika palikuwa na fundi viatu, Mzee Mihayo, Mnyamwezi aliyekuja ujanani kukata mkonge akaota mizizi. Nilimkuta ana misumari midomoni. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Marehemu ni Mzigua?" aliuliza.

"Ni mtu wa igizo, Mzee."

"Igizo la kabila gani?"

"Si la kabila. Ni hadithi."

"Mimi siwezi kutania hadithi, mjukuu wangu. Hadithi haina ukoo. Leo nimtukane, kesho ukoo wake unitukane mimi kwa njia gani?"

Nikakumbuka kwamba Omari, kijana wetu anayekufa kila jioni, ni Mzigua wa Kwamndolwa. Nikamtaja.

Mzee Mihayo alitema misumari kiganjani. "Mzigua wa Kwamndolwa? Sasa unasema. Huyo ni wangu. Ana ubaya gani?"

"Mvivu kuamka. Na akila, anakula na cha mwenzake."

"Wazigua wote. Nipe kitu chake mwenyewe."

"Anaogopa kuku."

Alifumba macho kwa furaha kama mtu aliyeonjeshwa asali. Lakini akaweka masharti. Hatakuja mazoezini, kwani msiba haufanyiwi mazoezi. Na hatatokea nyuma ya pazia. "Mtani anatoka kwake," alisema, "hatoki kwenu."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Habari za Mazingara zilikuwa zimetangulia, na watu walikuja kuuona ule msiba wenye kasoro, kusudi nao wapate nafasi ya kuondoka. Nilisimama mlangoni, mahali pangu. Mzee Mihayo alikaa katikati ya benchi la tatu, ameshika kiatu cha mteja, anashona. Jeneza likatolewa. Mama Sipora nyuma yake. Benchi la nyuma likaanza kuinuka, nikasikia kanga zinafungwa. Mzee Mihayo anashona. Mzee Hiza alichungulia kwenye pazia, uso wake umeishiwa matumaini.

Ndipo yule mzee alipokata uzi kwa meno, akasimama. "Mnampeleka wapi huyo?"

Wabeba jeneza hawakuambiwa la kujibu. Mmoja akasema, "Makaburini, Mzee."

"Nani amewaambia amekufa? Huyo ni Mzigua, amelala. Pigeni sufuria, ataamka." Alipanda jukwaani taratibu, akajilaza chali mbele ya jeneza, kiatu cha mteja kifuani. "Hapiti mtu. Jembe langu aliliazima akalirudisha mpini peke yake. Na ninyi mnaomlilia, mnajua alikuwa anakimbia kuku? Mwanamume mzima, jogoo akitoka huku, yeye anatokea kule. Leteni kuku hapa, kama hatainuka nitawaamini."

Ukumbi ulipasuka. Waliosimama walikaa, na waliofika mlangoni walinisukuma warudi ndani. Mama mmoja alipiga kigelegele, akalia, akapiga tena. Jeneza lilikuwa linatikisika, kwani Omari ndani yake alikuwa anacheka, lakini hakuna aliyejali. Marehemu aliyekuwa na mtani kama yule angeweza hata kupiga chafya.

Hadi hapo tungeendelea na igizo letu. Lakini mtani ana haki ya kunyakua, na hilo hatukulifikiria. Mzee Mihayo aliinuka, akaona vyombo vilivyopangwa upande wa jukwaa tayari kwa tendo la tatu, lile la mashemeji kugawana: kitanda, sufuria, kinu, kipande cha bati. Akavishika kimoja kimoja. "Hiki changu. Hiki changu. Na bati hili changu. Nani anabisha?"

Shemeji mkubwa, kwa kuwa alikuwa mwigizaji mwaminifu, akajaribu kusema maneno yake. "Mali ya marehemu ni ya ndugu."

"Nyamaza wewe. Mtani akishika kitu msibani, ndugu anashika nini?"

"Hewa!" wakajibu watu ukumbini.

Mzee Hiza alikuwa amenifikia mlangoni kwa kuzunguka nje. "Masikio, tendo langu la tatu limechukuliwa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hakuna kitu cha kugawana."

Jukwaani, Mzee Mihayo alimgeukia mjane. Kwa desturi, wenye msiba humkomboa mtani ili arudishe vitu. Alinyoosha kiganja mbele ya Mama Sipora, akangoja. Igizo lote lilisimama pale. Mama Sipora alijipapasa, hakuwa na kitu. Mjane wa igizo hapewi mfuko. Akatazama chini. Kisha akafungua kanga ya kichwani, akaikunja vizuri kama mtu aliye nyumbani kwake, akaiweka kwenye kile kiganja.

"Chukua, mtani," alisema. "Umechelewa, lakini umekuja."

Maneno hayo hayakuwemo kwenye igizo. Mzee Mihayo alimtazama, na nadhani alielewa zaidi ya tulichomweleza. Aliiweka kanga begani, akachukua sufuria akaitia mikononi mwa Mama Sipora, kisha kinu, akaburuta kitanda hadi miguuni pake, na juu ya kitanda akalaza lile bati. "Nimekombolewa," akawaambia mashemeji. "Vitu hivi vimepita mikononi mwangu. Atakayevigusa, mimi na yeye." Akashuka, akarudi benchi la tatu, akaendelea kushona.

Mama Sipora alilia pale kilio ambacho sijakisikia kwake kabla wala baadaye, na ukumbi mzima ulilia naye, kisha mtu akasema neno juu ya kuku wakacheka tena. Pazia lilifungwa na tendo la tatu halijachezwa. Hakuna aliyelidai.

Asubuhi nilikwenda kusikia, ingawa Mzee Hiza alisema leo hata yeye anajua. Foleni ya mashine ilikuwa na hoja moja tu: je, kanga inatosha kumkomboa mtani, au alipaswa kupewa jogoo? Walibishana hadi mwenye mashine akazima injini asikilize.

Igizo lilibaki. Lakini msidhani mambo yalikuwa rahisi. Tuliporudi Chanika mara ya pili nikaenda kumkaribisha Mzee Mihayo, akakataa katakata. "Yule kijana nimekwisha kumzika. Akifa tena, huo si utani, ni uchawi." Ikabidi afe mwingine. Na miji mingine haikuwa na Mnyamwezi wa kumtania Mzigua, ila ilikuwa na watu wengine wenye watani wao. Hivyo kazi yangu ikabadilika. Nilitangulia kila mji, nikauliza nani na nani ni watani hapa, nikarudi na jibu, kisha Mzee Hiza akachagua kati ya vijana wetu atakayekufa. Walianza kugombea. Na mjini kwenyewe, kabla hatujafika, watu walikuwa wanagombana nani ana haki ya kupanda jukwaani. Banda la video halikufungwa. Ila mwenye banda alinilalamikia siku moja kwamba watazamaji wake sasa wanataka wapande kwenye televisheni.

Mzee Hiza hakuliandika upya tendo la tatu. Aliliacha kama lilivyo, kwa ajili ya siku ambayo mtani hatatokea. Sikumbuki siku hiyo ilifika.

Mama Sipora aliacha jukwaa kwa hiari yake, goti lilipokataa ngazi. Nilimsindikiza hadi Vugiri, nikimbebea mzigo, na njiani, kwa kuwa mimi huuliza, nilimuuliza anaionaje kazi aliyoifanya. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba swali hilo hujibiwa na adabu, akacheka.

"Nimezika mume kila mji, Masikio," alisema. "Wazigua, Wabondei, Wamakonde, hata Mngoni mmoja pale Mombo. Na hakuna hata mmoja ambaye nyumba yake nilinyang'anywa."